Accu-Chek Active kwenye nyumba yenye hatari ya kiharusi

Mshipa wa ubongo ukiziba, seli zilizokosa oksijeni huendelea kuchoma sukari, na kinachobaki ni asidi ya laktiki. pH ya tishu (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imeongezeka) hushuka kutoka karibu 7.2 hadi 6.5 hivi; damu ikiwa na sukari nyingi, inaweza kukaribia 6. Asidi hiyo hufungua milango ya ASIC1a, protini zinazofunguka zikiguswa na asidi, kwenye utando wa niuroni (seli ya neva), kalsiamu ikaingia na kusaidia kuiua seli. Asidi yenyewe huwezi kuipima nyumbani. Sukari unaweza.

Kwa kazi hiyo Accu-Chek Active, mashine ndogo ya kupima sukari ya damu, inafaa, ila si kamili. Inataka tone la maikrolita 1 hadi 2, na jibu hutoka kwa sekunde 5 hivi. Stripu, kile kijiti cha kutilia damu, unaweza kuitoa, ukaitia damu pembeni, kisha ukairudisha ndani ya sekunde 20. Mgonjwa anayetupatupa mkono, hapo ndipo utaishukuru. Kasoro yake ni kwamba inasoma rangi kwa mwanga: damu ikichafua kidirisha cha mwanga huo, inagoma mpaka uifute. Mashine ambazo stripu zake hunyonya damu zenyewe hazina usumbufu huo.

Kinachoponza vipimo mara nyingi ni mikono. Kidole chenye maji ya embe hutoa sukari ya uongo, na spiriti isiyokauka huharibu tone. Osha kwa sabuni, kausha, toboa ubavuni mwa kidole, kwenye mkono usiopooza. Stripu zitunzwe kati ya nyuzi 2 na 30, kifuniko kifungwe papo hapo. Unyevu wa Tanga au Mombasa hauzisamehe. Kagua pia kizio cha sukari kwenye mashine: 10 mmol/L ni sawa na 180 mg/dL.

Mdomo ukipinda au mkono ukilegea, gari la hospitali liitwe kwanza, kipimo kifuate. Ikisoma chini ya 3.3 mmol/L, huenda ni sukari iliyoshuka inayoiga kiharusi. Hospitali lazima ijue hilo kabla ya kutoa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5. Chai ya sukari usimnyweshe, koo linaweza kuwa limepooza. Sukari ikiwa juu, usimchome insulini ili kuishusha haraka: SHINE, utafiti wa wagonjwa wa kiharusi wenye sukari nyingi, 2019, ulionyesha kuwa kuibana sana hata hospitalini hakukuongeza nafuu, na wengine sukari ilishuka mno. Andika namba na saa, mpe daktari.