Malisho ya kijiji: kugawana au kutunza pamoja?

Mkigawana, kila mtu anajua mpaka wake, na akiharibu kipande chake hasara ni yake. Lakini ukame ukishika upande mmoja, mifugo ya huko haina pa kuhamia, na wanyonge huishia kuuza.

Kutunza pamoja kuna kazi zaidi, ila ndiyo njia ninayoichagua, mradi kanuni ipimike. Mwaka 1517 kijiji cha Törbel, Uswisi, kiliweka hii: mwanakijiji asipeleke malisho ya mlimani ng'ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha majira ya baridi. Akiba ya nyasi kavu ndiyo iliyoamua idadi ya mifugo. Msimamizi alitoza wakiukaji faini, nusu ikawa yake, kwa hiyo hakusinzia. Pasipo msimamizi wa aina hiyo, afadhali mgawane.