M/39 ya Finland: Kagua Mtutu Kabla ya Mihuri

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Mezani leo kuna M/39, bunduki ya mwisho ya askari wa miguu wa Finland katika ukoo wa Mosin-Nagant, bunduki ya jeshi la Urusi. Wafini wenyewe huiita Ukko-Pekka, kwa jina la utani la rais wao wa zamani, Pehr Evind Svinhufvud. Urefu wake ni kama sentimita 118, uzito kilo nne na nusu, inabeba risasi tano. Ziliundwa zaidi kidogo ya 100,000, nyingi kati ya 1941 na 1945. Kwa anayetaka kuanza mkusanyo wa bunduki za Kifini, anza na hii, na tutawaonyesha sababu zake humu humu kwenye chuma na mbao.

Kitu cha kwanza ambacho wengi hukosea: mwili wa bunduki hii, pale inapoingia bolti (komeo la kusukumia na kufungia risasi), haukutengenezwa Finland. Wafini walirithi silaha za Urusi baada ya uhuru wa 1917 na vita vya 1918, wakateka nyingine nyingi baadaye, wakanunua nyingine nje. Miili ile ya zamani ya viwanda vya Urusi vya Tula, Izhevsk na Sestroretsk, pamoja na ile iliyotengenezwa Ufaransa na Marekani kwa oda ya Urusi, waliisafisha na kuifunga mitutu mipya. Kwa hiyo unaponunua bunduki ya Kifini, pesa yako inaingia kwenye mtutu, mbao na ufundi wa kuviunganisha.

Sogeza kamera hapa juu ya chemba, sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Mnaona VKT, kiwanda cha serikali cha Jyväskylä, na chini yake mwaka. Nyingine zitaandikwa Sako, kiwanda cha Riihimäki. Zile Sako zilizotengenezewa Suojeluskunta, mgambo wa kujitolea, zina herufi S yenye vitawi vitatu vya msonobari, na mgambo huo ulivunjwa 1944, kwa hiyo alama hiyo kwenye mtutu wa baada ya hapo itakupa maswali. Hicho kisanduku chenye SA ni alama ya mali ya jeshi la Finland, ilianza kupigwa 1942. Bunduki ya kabla ya hapo isiyo na SA si bandia. Huenda iliondoka jeshini mapema. Herufi D kwenye mtutu inaeleza kwamba chemba inakubali risasi ya D166, ile nzito ya gramu 13.

Umri wa mwili hauonekani juu. Umefichwa chini ya mkia wa chuma, nyuma ya kifyatulio. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti, legeza nati za pete za mtutu na kofia ya mbele, kisha fungua skrubu mbili: ya nyuma inaingia kutoka juu kwenye mkia, ya mbele inatoka chini, mbele ya magazini. Inua chuma taratibu. Kwa nini mwaka ni muhimu? Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, silaha ambayo mwili wake ulitengenezwa 1898 au kabla yake huhesabika kuwa ya kale, na M/39 zenye miili ya miaka ya 1890 zipo nyingi. Soko linalipa zaidi kwa hizo. Sheria za majimbo, na za Kenya, Tanzania au Finland, ni habari nyingine kabisa. Ulizia kwenu kabla ya kutoa hela.

Sasa simama hapo hapo, usivute kwa pupa. Angalieni chini ya chuma: vipo vibati vyembamba vya shaba, kimoja mbele kwenye bega la kupokea kishindo, kingine chini ya mkia. Fundi wa jeshi aliviweka kwa makusudi ili chuma kikae sawa ndani ya mbao na mtutu usisukumwe upande. Mtu asiyejua huviona uchafu, hutupa, halafu analalamika kwamba bunduki inatawanya risasi. Piga picha kabla ya kuvigusa, weka kila kimoja kwenye bahasha yenye jina la mahali pake, na virudishe vilevile.

Mbao pia huleta kelele za bure. Mbao hii ni mbetula, na hapa katikati mnaona meno ya kiungo, kama vidole vilivyoshikana. Wauzaji wengine wanaiita mbao iliyovunjika ikaunganishwa. Hapana, M/39 nyingi zilitoka kiwandani hivyo. Kinachoshusha thamani ni mbao iliyopigwa msasa: ukiona ukingo wa mihuri umefifia na chuma kimeinuka juu ya mbao, ujue mtu alikwangua.

Namba ya bolti isiyolingana na ya mtutu isikutishe. Wafini hawakushughulika sana kulinganisha namba hizo, kwa hiyo tofauti yake si kasoro kama ilivyo kwa bunduki za nchi nyingine. Fundi apime tu nafasi ya bolti, yaani pengo kati ya uso wake na kitako cha risasi, kwa geji kabla ya risasi ya kwanza.

Mtutu. Shusha risasi kwa ncha kwenye mdomo wa mtutu. Ikizama hadi kwenye ganda, mistari ya mdomoni, ile inayoizungusha risasi, imelika au mdomo umepanuliwa kwa drili. Kisha pima kipenyo: gonga kijipande cha risasi laini ya plambamu (madini ya risasi), iliyo kubwa kidogo kuliko mtutu, kipite kuanzia mwanzo hadi mwisho kwa fimbo ya shaba, upime kwa mikromita. M/39 hutoa karibu .310 ya inchi. M/27 na M/28, bunduki za Kifini zilizoitangulia, ni nyembamba, karibu .308. Ukijaza ganda lako mwenyewe kwa risasi ya .311 na kuipiga kwenye M/28, shinikizo linapanda bila sababu. Pima kwanza, nunua risasi baadaye.

Bolti ikikwama baada ya risasi kadhaa, watu hulaumu bolti. Mara nyingi ni grisi ya kuhifadhia iliyokaukia chembani. Ikipata moto inakuwa gundi, ganda linang'ang'ania. Dawa yake ni kiyeyushi na brashi ngumu ya chemba, si nyundo kwenye mkono wa bolti.

Wakati bolti iko mezani, pima pini ya kufyatulia. Kifaa cha Mosin kina mapengo mawili yaliyoandikwa 75 na 95, yaani elfu za inchi. Pengo la 75 lazima liguse ncha ya pini, la 95 lipite bila kugusa. Fupi mno, risasi hailipuki. Ndefu mno, inatoboa fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) na gesi inarudi nyuma usoni mwako.

Za darubini, kama M/27PH, msinunue kwa maelezo ya mdomo. Bei yake inawavuta wapigaji wa mihuri bandia.

Na mwisho kuhusu risasi za zamani za Kisovieti za bei nafuu: fataki zake zinaacha chumvi ndani ya mtutu. Mafuta hayaiyeyushi, yanaifunika tu, na asubuhi unakuta kutu ya rangi ya chungwa kwenye mistari. Mara baada ya kumaliza, mwaga maji ya moto kama lita moja kupitia chembani, osha na uso wa bolti, kausha kwa vitambaa hadi kitoke kikavu, ndipo paka mafuta. Rudia kukagua kesho yake.