Waranti ya injini: walinihukumu kabla hawajaifungua

Nimekaa na hii hasira tangu kabla ya Ramadhani, nkasema wacha ipoe kwanza ndo niandike, lakini haipoi, basi naandika nayo hivo hivo. Jina la gereji siliweki wala la kampuni ya gari. Mjue tu kwamba sevisi zote nlifanya kwao, kitabu kimejaa muhuri wao, na waranti ya injini ilikuwa ingali hai.

Ilianza gari kula oili. Si kuvuja, kula. Naegesha nyumbani sakafu kavu kabisa, nkichomoa dipstiki oili iko chini ya alama, naongeza, haichukui muda imeshuka tena. Nkawaambia kwenye sevisi wakanijibu gari za turbo ndo zilivyo. Halafu asubuhi moja natoka Bamburi, foleni ya Kongowea ile ya kuelekea darajani, injini ikaanza kumisi, gari yatetemeka mpaka usukani, moshi wa bluu nyuma mpaka jamaa wa tuktuk akajifunika pua na shati. Taa ya injini yawaka na kuzima, yawaka na kuzima. Ile taa ikitulia waeza kujikokota ufike kwa fundi, lakini ikipepesa namna ile usiendelee, petroli isiyoungua yaenda kuchoma katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na hiyo nayo bei yake usiulize. Nkazima hapo hapo nkaita brekidauni.

Gari ikafika kwao, wakapima kompresheni, yaani shinikizo la ndani ya kila silinda. Silinda tatu zasoma karibu sawa, ya nne haifiki nusu ya wenzake. Sasa hapo mtu yeyote aliyewahi kukaa na fundi ajua ni ringi, pistoni au valvu, na kujua ni ipi lazima ufungue, ama angalau uingize kile kikamera kwenye tundu la plagi uchungulie. Hawakufungua. Hawakuchungulia.

Siku ya majibu nlikuwa na mamangu, nimemtoa kliniki kwa gari ya kuazima, nkamwambia tupitie hapa dakika mbili. Meneja wa waranti hata kusimama hakusimama. Amekiweka kile kitabu changu cha sevisi mezani, anakisukuma kwangu kwa ncha ya kalamu kama kitu kichafu, aniambia "Imekataliwa. Matumizi mabaya. Kompyuta yasema umepandisha revu sana." Nkamwomba anitolee karatasi ya hiyo kompyuta nione. Akaniambia sitaielewa. Kisha akamgeukia mamangu, wallahi, akamwambia "Mama, mwambie kijana wako gari hizi si za kushindana na bodaboda."

Mie nina watoto wangu shule. Kijana!

Watu kwenye viti wote wametugeukia. Mamangu akamuuliza taratibu tu, "Baba, injini umeifungua ukaona?" Yule bwana akaanza kubonyeza simu yake.

Na hilo swali ndilo lililoniuma zaidi kwa sababu ndo kila kitu. Revu za juu maana yake nini? Ni kuizungusha injini kasi kupita kiasi. Sasa gari imewekwa redline, ule mstari mwekundu wa mwisho kwenye kipimo, ukifika hapo kompyuta yenyewe yakata mafuta, huwezi kupita. Njia ya kupitiliza ni kukosea gia ukishuka, na hiyo ni kwa gia za mkono. Yangu ni otomatiki, ukiilazimisha kushuka gia ikiona itapitiliza yakataa. Nlimweleza haya yote akasema basi ni petroli mbaya. Petroli ipi, ya kituo gani, umepima? Mchezo wa kuchanganya mafuta taa wenyewe ulikuwa zaidi kwenye dizeli, na serikali iliweka ada ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa tangu 2018 kuuzuia. Hakuwa na jibu, alikuwa anaokota sababu tu.

Nkafikiria Mahakama ya Madai Madogo, kule kesi yatakiwa iishe ndani ya siku 60, lakini mwisho wao ni shilingi milioni moja, na nusu injini ya hii gari, yaani bloku na pistoni zake, ukiagiza na kufunga yapita hapo. Ikabidi wakili. Akaandika barua fupi, akataja Katiba kifungu cha 46 na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, akaomba kitu kimoja tu: fungueni, sisi tukiwepo.

Wakafungua. Na hapa lazima niseme ukweli, fundi wao wa nyuma ni mtu wa maana sana. Kijana mdogo, mikono safi kuliko ya meneja. Akaitoa pistoni ya silinda ya nne akaniwekea kiganjani, ule ukingo mwembamba ulio katikati ya ringi mbili umekatika kipande cha ukubwa wa kucha, na ukuta wa silinda una michirizi waisikia kwa kidole. Akanionyesha na injekta ya silinda hiyo hiyo, ile ya kunyunyizia petroli ndani, walipoipima yatoa mafuta machache kuliko zile nyengine, kwa hiyo pale ndani moto ulikuwa mkali kupita kiasi, ikagonga mpaka pistoni ikapasuka. Injekta! Na ni yao, iko ndani ya waranti. Akaniambia "Bro, hii hata ungeendesha kama harusi ingekatika tu."

Wakalipa nusu injini na injekta zote. Gari saa hii ni tamu, nimeipeleka Malindi na kurudi, oili haijashuka hata kidogo, yavuta kuliko ilipokuwa mpya, na nlishaanza kuandika nyota nne kwa ajili ya yule fundi. Kazi ya mikono kwao ni safi, hilo silikatai, na ukiniuliza pa kufungulia injini ya turbo Mombasa huenda nikakutajia hapo hapo.

Lakini wamenilipisha oili, kulanti na gasketi, vitu ambavyo visingeguswa kama pistoni isingekatika. Na kwenye faili la gari yangu bado imeandikwa "matumizi mabaya", nimewaomba waifute wasema mpaka meneja asaini, na siku nkitaka kuuza, mnunuzi akipiga simu kuuliza historia ndo hilo atakalosomewa. Mamangu hajaombwa radhi. Nyota moja, na hiyo ni ya fundi. Meneja akifuta yale maneno kwenye faili na kumpigia mamangu simu, ntarudi kubadilisha.