Kozi ya Kifaransa ya sentensi za kila siku: sauti tamu, admin shubiri

Nimevumilia vya kutosha, leo nasema. Kozi yenyewe iko kwenye grupu la WhatsApp. Kila asubuhi mnatumiwa sentensi za nyumbani, za sokoni, za kwenye basi, mwalimu anazisoma, nanyi mnarudia. Kazi yangu ni kugomboa mizigo bandarini Dar na wateja wangu wengi ni wa Lubumbashi, nikaona hii ndiyo yangu.

Ikafika siku ya «J'ai sorti la poubelle», nimetoa taka nje. Nyuma kidogo tulikaririshwa «Je suis sortie», nimetoka, tukaambiwa kitenzi sortir kinasaidiwa na être (ndiyo hiyo suis), hakiendi na avoir (ndiyo hiyo ai) hata siku moja. Nikauliza kwa adabu zote: mwalimu, mbona leo avoir? Akadakia admin: «Dada, hapa hatufundishi sarufi. Kariri, au katafute chuo.» Kisha akalifunga grupu, wakawa wanaandika wao tu. Watu wazima, tumelipa hela zetu, tunazibwa midomo kama watoto wa chekechea!

Jibu nililipata kwa mteja, kwenye simu, tukiwa tunaongelea kontena lake. «Mama, ukitoka wewe mwenyewe ni être. Ukitoa kitu, ni avoir.» Basi! Descendre nayo hivyo hivyo: umeshuka, être, umeshusha magunia, avoir. Hilo nalo linataka chuo? Tena akanicheka na soixante-dix yangu, 70 ya kwenye kozi, maana kwao 70 ni septante na 90 ni nonante. Kozi haikugusia kabisa, na siku ya kujitambulisha wengi wetu tulisema biashara zetu ni za Kongo na Burundi.

Nilipania kuwapa nyota moja. Ila nisiwadhulumu. Juzi mtu kaniuliza kama kuna nafasi kwenye lori, nikamjibu «Il n'y en a plus», hakuna tena, bila kujipanga. Zile y na en za humo katikati zinawatoa watu jasho vitabuni, mimi zilinitoka kwa pumzi moja kwa sababu sentensi niliishika nzima, ikiwa ya mikate iliyoisha dukani. Kwa hiyo njia yao inafanya kazi. Nyota tatu, haya.

Hapana, mbili. Nikikumbuka «katafute chuo» napandwa na hasira upya. Mwalimu sina ugomvi naye, matamshi yake safi kabisa. Ukijiunga, sikiliza sauti zake, maswali yako wapelekee Wakongo. Na wewe admin, mwezi huu nimeshalipia na grupu bado umelifunga. Hela yangu inarudi lini?