Upungufu wa oksijeni: seli za maabara au damu ya wagonjwa?

Mdogo wangu mmoja hapa Mtwara anajiandaa kwa shahada ya uzamivu kuhusu magonjwa ya kupumua, na swali lake nimeshalisikia sana: ili kuchunguza upungufu wa oksijeni unavyoathiri mwili, aoteshe seli maabara, au achukue damu ya wagonjwa?

Kwa kujua chanzo hasa cha mabadiliko hayo, seli zinashinda. Unaishusha oksijeni hadi asilimia 1, unaiona HIF-1, protini inayoitikia upungufu wa oksijeni, ikijikusanya na kuwasha jeni za kuhimili hali hiyo. Utafiti wa namna hiyo ulichangia kuwapa wanasayansi Semenza, Ratcliffe na Kaelin Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2019. Mgonjwa huja na mengine: moshi wa kuni, malaria, upungufu wa damu. Utajuaje kipi kimeigusa seli?

Lakini anayekatikiwa pumzi usingizini, oksijeni yake hushuka na kupanda mara nyingi kila saa. Kuiga hilo kwenye sahani ya maabara ni kazi ngumu mno, kwani hewa hupenya polepole kwenye maji ya lishe yanayozilisha seli. Hapo damu ya mgonjwa naiamini zaidi. Ila ishughulikiwe haraka mara ikichukuliwa: oksijeni ikirudi, HIF-1 huvunjwa ndani ya dakika chache.

Matunzo? Seli zinataka nyuzi 37 usiku na mchana. Umeme ukikatika, kazi ya wiki nzima imekwenda. Damu inadai friji la nyuzi 80 chini ya sifuri, kibali cha maadili, na subira ya kuwaeleza watu.

Mwenye nafasi kwenye maabara ya Dar es Salaam aanze na seli. Anayebaki Mtwara au Lindi, jirani na wodi, achukue damu.