Marekani 2001 na 2008: mbona moja iliuma zaidi?

Hapa Kampala utaskia mtu anasema mdororo wa uchumi ni mdororo tu, mi nakataa. 2001 hisa za kampuni za intaneti ziliporomoka vibaya, lakini mdororo wenyewe ulidumu miezi 8 tu, Machi mpaka Novemba, maana wengi waliopoteza walikua wametia hela zao wenyewe.

Sasa 2008 ndo balaa lenyewe. Nyumba zilinunuliwa kwa mkopo, benki nazo zikakopa juu ya mikopo hiyohiyo, bei ziliposhuka kila mtu anamdai mwenzake na hakuna wa kulipa, Septemba benki kubwa ya Lehman Brothers ikaanguka, benki zikaogopa kukopeshana, hata biashara zisizo na shida kabisa zikabanwa. Mdororo huo ulidumu miezi 18, Desemba 2007 mpaka Juni 2009! Na ajira zilizidi kupotea hata baada ya hapo, Oktoba 2009 wasio na kazi walifika asilimia 10.

Pale soko la Owino ukichoma mtaji wako unalia peke yako, ila kama nusu ya wauzaji wa soko mmechukua marobota ya mitumba kwa mkopo wa sacco, halafu hayauziki, basi mpaka yule mama aliyeweka akiba tu anaumia.