Massey Ferguson 240 lililotumika: mfumo wake wa dizeli una thamani gani?

Ukitafuta trekta lililotumika la bei ya kati, Kitale au Mbeya, lazima utaonyeshwa Massey Ferguson 240. Liwe la Uingereza au la kiwanda cha Millat cha Pakistani, chini ya boneti kuna injini ileile, Perkins AD3.152: silinda tatu, lita 2.5, na mara nyingi pampu ya CAV aina ya DPA, ile pampu kubwa inayosukuma dizeli kwa mgandamizo hadi nozeli. Hapa tunapima safari ya mafuta peke yake, toka tangi hadi nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya silinda. Gia na haidroliki zina habari zake.

Tuseme mapema: ni mfumo mzuri kuliko unavyosemwa gereji. Hauna sensa wala kompyuta, na karibu kila skrubu unaifikia ukiwa umesimama pembeni ya trekta. Tatizo ni kwamba likizima shambani, mtu wa kwanza anayefika hufungua DPA na kuipeleka mjini benchi, kwenye mashine ya kupimia pampu. Mara nyingi pampu haina kosa, na pesa za benchi zimekwenda bure.

Chukua lalamiko linalosikika zaidi. Trekta linavuta plau vizuri, baada ya muda linaanza kuchoka, linazima. Likipumzika kidogo linawaka kama kawaida. Hapo anza na kifuniko cha tangi. Kitundu chake cha hewa kikiziba kwa vumbi na grisi, mafuta hayashuki. Linapoanza kuchoka, legeza kifuniko: ukisikia hewa ikiingia na injini ikirudi kwenye nguvu zake, umeshapata jibu. Lisiporudi, fungua paipu inapoingia kwenye pampu ndogo, ile inayovuta dizeli kutoka tangi, na uache dizeli imwagike ndooni dakika mbili hivi. Mkondo unaoanza kwa nguvu kisha ukawa mwembamba ni dalili ya takataka zinazovutwa kwenye mdomo wa koki ya tangi. Kupuliza paipu kwa kompresa kunazirudisha ndani ya tangi tu. Wiki ijayo zitakuwa palepale. Mwaga tangi, toa koki yenyewe, safisha wavu wake.

Kuziba huku huleta na upepo, yaani hewa ndani ya mafuta, ndiyo maana watu hukanganyikiwa. Tangi liko juu, kwa hiyo kiungo kilicholegea kwa kawaida kinadondosha dizeli na unakiona. Lakini koki ikiziba, pampu ndogo inavuta kwa nguvu, na kiungo kilekile sasa kinanyonya hewa huku kikavu kabisa kwa nje. Ondoa kizuizi kwanza, ndipo uanze kutafuta upepo.

Pampu ndogo, ile yenye mkono wa kupampia ubavuni mwa injini, ni kifaa cha kuaminika chenye tabia moja ya kuudhi. Unaweza kupampu mkono ukawa mwepesi, hausukumi kitu, ukadhani imekufa. Huenda kamshafti, shafti ya injini inayoisukuma, imesimama ikiwa imeiinua. Zungusha injini mzunguko mmoja kamili, jaribu tena. Ukitaka kuipima, fungua paipu ya kutokea na mtu apige stata: inatakiwa itoe mruko mmoja wenye nguvu kila mizunguko miwili ya injini. Pima oili pia. Kiwango kikipanda chenyewe na oili ikanuka dizeli, usilime hata mita moja. Inawezekana dayaframu ya pampu ndogo imechanika, au sili ya shafti ya DPA imekwisha na mafuta yanapitia kwenye kifuniko cha gia za taimingi. Anza na dayaframu kwa kuwa ni rahisi, badilisha oili, kisha fuatilia kijiti cha kupimia kila asubuhi. Kiwango kikipanda tena, sasa unayo sababu ya kuishuku ile sili.

Sehemu inayotupunguzia alama ni filta, CAV 296. Muundo wake ni wa bolti moja ndefu inayobana kichwa, filta na bakuli la chini, na kila mkutano una mpira wake: mkubwa wa juu, mwingine wa kwenye bakuli, na oringi ndogo ya katikati inayosahauliwa kuliko zote. Mpira wa zamani wa juu hushikamana ndani ya mfereji wa kichwa, una rangi ileile ya uchafu, hauonekani. Mtu akiweka mpya juu yake, mipira inakuwa miwili, haikai sawa, na hata bolti ikazwe vipi panavuja au panaingiza upepo. Kukaza zaidi kunaharibu uzi wa kichwa, na hapo hasara imeanza. Chokoa mpira wa zamani kwa kijiti cha mti. Bisibisi inakwaruza mfereji. Ukilazimika kununua kichwa kipya, chukua cha zamani uende nacho dukani. Vipo vyenye matundu ya paipu ya uzi wa inchi nusu na vya milimita 14, na kwa macho havitofautiani sana.

Filta za bei ya chini zimejaa madukani. Kabla ya kulipa, bonyeza mpira kwa kucha: ukiwa mgumu kama plastiki, rudisha. Tazama na ukingo wa bati. Ukiwa na kibonyeo hautakaa sawa. Na kama trekta lako bado lina bakuli la kioo, usikubali kubadilishiwa la aluminiamu. Kwenye kioo maji unayaona yametulia chini. Kwenye aluminiamu hadi ufungue. Asubuhi kabla ya kuwasha, toa kidogo kupitia skrubu ya chini mpaka itoke dizeli tupu.

Kutoa upepo ni kazi ya mtu mmoja na msaidizi wa kupiga stata. Legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, kaza huku mafuta yakitoka. Nenda kwenye DPA: skrubu ya ubavuni kwenye kichwa cha pampu, halafu ile ya juu kwenye nyumba ya gavana, sehemu inayodhibiti mwendo wa injini. Zote mbili, wengi hufanya moja wakaishia hapo. Mwisho legeza nati za paipu mbili upande wa nozeli, mkono wa mafuta uwe wazi kabisa, kizimio cha injini kirudishwe ndani, piga stata hadi mafuta yatoke bila povu, kisha kaza. Hili la kizimio si dogo: kikiwa kimevutwa utapiga stata mpaka betri iishe. Usizibe paipu hizo kwa kidole, maana dizeli ya mgandamizo huo hupenya ngozi.

DPA yenyewe inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, haina oili yake. Ndiyo maana dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huiua polepole. Mchanganyiko huo ulienea kiasi kwamba Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa faida yake, na Kenya ikafuata njia hiyo mwaka 2018. Dalili ya pampu iliyolika ni hii: injini inawaka vizuri ikiwa ya baridi, ikipata moto na kuzimwa inakataa. Nafasi kati ya vipande vya ndani imepanuka, na dizeli ya moto ni nyepesi, inavuja kabla ya kufikia nozeli. Ikikataa, funika pampu kwa kitambaa kilicholoweshwa maji, subiri ipoe, piga stata. Ikiwaka, sasa ndiyo halali kuipeleka benchi. Usimwage maji baridi juu ya pampu wakati injini inaunguruma. Inaweza kukwama papo hapo.

Alama zetu: nane kwa kumi, mbili zimekatwa kwa mipira ya filta na kwa kutokuwepo kitenganisha maji kabla ya pampu ndogo. Ukienda kununua, usiridhike na muuzaji aliyeliwasha kabla hujafika. Lifanyishwe kazi nusu saa, lizimwe, liwashwe papo hapo. Likisitasita, ulizia kwanza gharama ya kufufua DPA mjini, uitoe kwenye bei kabla hamjapeana mkono.